Maji Yanavyofua Umeme: Habari za Turbaini

"Maji huzima moto, basi yawezaje kuwasha taa?" Swali hili huulizwa mara nyingi na watoto wa shule, na watu wazima pia wanalo moyoni ila waona haya kuliuliza. Si swali la kipumbavu. Tangu tarehe 14 Juni mwaka 2024 wenyeji wa Morogoro wameona treni ya umeme ikija kutoka Dar es Salaam pasipo moshi wala makaa, na miaka mingi kabla ya hapo waya nene zilikuwa zikipita juu ya mashamba zikitoka upande wa Kidatu. Aonaye mambo hayo kila siku yampasa kujua nguvu hiyo yatoka wapi. Nasi leo twataka kueleza habari za turbaini, yaani gurudumu lile lisukumwalo na maji, au mvuke, au upepo, ili lizungushe mashine ya kufua umeme. Sehemu kubwa ya somo hili itakuwa juu ya maji, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu na wasomaji wetu wa Uluguru. Mvuke na upepo tutavipitia kwa haraka.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba maji hayana umeme ndani yake kama karanga zilivyo na mafuta. Hakuna mtu akamuaye umeme katika maji. Maji hufanya kazi moja tu, nayo ni kusukuma. Umeme hupatikana kwa njia nyingine, iliyoonyeshwa mwaka 1831 na Mwingereza aliyeitwa Michael Faraday. Yeye aliona kwamba sumaku ikipitishwa karibu na waya wa shaba uliokunjwa mizunguko mingi, umeme hupita katika waya. Sumaku ikitulia, umeme nao hukoma. Siri yote i katika mwendo. Basi jenereta ni sumaku kubwa izungukayo katikati ya waya nyingi za shaba, na turbaini ni mkono uizungushao bila kuchoka.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa baiskeli yenye dinamo. Ainue gurudumu la nyuma na kumwambia mtoto azungushe pedali kwa mkono, dinamo ikiwa haigusi tairi. Kisha aibane dinamo kwenye tairi, taa iwake. Mara mtoto atasema pedali imekuwa nzito. Uzito ule ndio bei ya mwanga. Umeme haupatikani bure hata kidogo: kadiri taa ziwakavyo mjini, ndivyo sumaku iwavyo nzito kuzungushwa, na maji hayana budi kusukuma zaidi kule mtamboni. Mtu abonyezapo swichi nyumbani kwake Msamvu, yuko mahali fulani mlango wa maji unaofunguka zaidi kidogo ili kumhudumia.

Sasa, nguvu ya maji yatokana na nini? Yatokana na mambo mawili: wingi wa maji na kimo cha maporomoko yake. Wakulima wa Mgeta hawahitaji kufundishwa neno hili. Wao huvuta maji kwa mipira kutoka vijito vya juu ili kumwagilia kabichi na viazi, nao wajua kwamba mpira uliotegwa mbali juu mlimani hurusha maji kwa nguvu, lakini uliotegwa hapo karibu, ijapokuwa ni mpana, huyatiririsha tu. Maji yaliyo juu yana kazi iliyowekwa akiba. Mvua ndiyo iliyoyapandisha, tena bila kutoza ujira.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya maji ikianguka mita moja katika sekunde moja, hutoa nguvu ya wati 10 kasoro kidogo. Lita 10 zikianguka mita moja, hutoa kama wati 100. Na lita moja ikianguka mita 10, hutoa zile zile wati 100. Hapo ndipo fahamu zote za turbaini zinapoanza. Maji machache yaangukayo kutoka mbali sana na maji mengi yaangukayo kidogo yaweza kuwa na nguvu sawasawa, lakini hayawezi kusukuma gurudumu la namna moja. Haya ya kwanza huja kwa kasi ya risasi, na yale ya pili huja kwa uzito, kama ng'ombe wengi wasukumanao mlangoni. Kwa hiyo mafundi wamebuni magurudumu ya aina mbalimbali, na kila moja limepewa jina la mtu aliyelitengeneza.

Tuanze na la maji machache ya mbali. Katika machimbo ya dhahabu ya California, huko Marekani, palikuwa na fundi seremala jina lake Lester Pelton, naye mwaka 1880 alipata hati ya kumiliki ubunifu wa gurudumu lake. Siku zile magurudumu ya machimboni yalikuwa na vikombe vya kawaida pembeni; maji yalirushwa kutoka mdomo mwembamba wa bomba, yakapiga katikati ya kikombe, yakatapakaa ovyo na kurudi nyuma, na nguvu nyingi ikapotea. Pelton alitengeneza vikombe viwiliviwili, vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu kama vijiko pacha, na katikati yao akaacha ukingo mkali. Maji yakipiga ukingo ule hugawanyika nusu kwa nusu, huzunguka ndani ya vijiko, kisha hugeuka kurudi yalikotoka. Vikombe vikienda kwa nusu ya kasi ya maji, basi maji yaliyogeuka hubaki karibu hayana mwendo wowote, huanguka chini kama mtu aliyechoka kabisa. Na hiyo ndiyo dalili ya gurudumu jema. Maji yatokayo mtamboni yakiwa bado yanakimbia, ujue yameondoka na sehemu ya mali yako.

Gurudumu la Pelton lipo katika mkoa huu huu. Kwenye mto Kihansi, mahali milima ya Udzungwa inaposhukia bonde la Kilombero, ziko turbaini tatu za aina hiyo, kila moja ya megawati 60, zilizoanza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000. Megawati moja ni wati milioni moja. Maji ya Kihansi huingizwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba na kushuka zaidi ya mita 800 kabla ya kulifikia gurudumu. Kwa hesabu, maji yaangukayo kimo hicho hutoka katika mdomo wa bomba kwa mwendo upitao mita 120 kwa kila sekunde. Mkono wa mtu hauwezi kusimama mbele ya maji hayo. Kwa sababu ya kimo, kila turbaini yatosheka na kama tani 8 tu za maji kwa sekunde, na mto wenyewe si mkubwa.

Hapa hatuna budi kutaja jambo moja la Kihansi ambalo wengi walilicheka lilipoanza kusemwa. Chini ya maporomoko ya zamani palikuwa na ardhi iliyolowa daima kwa manyunyu, na humo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyeonekana mahali pengine popote duniani. Maji yalipopelekwa katika mtambo, manyunyu yalipungua sana. Mipira ya kunyunyiza iliwekwa, na vyura wengine walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama; lakini mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura yule ametoweka katika makao yake ya asili. Tumelitaja kwa sababu watu hupenda kusema kwamba turbaini haili maji, na kwamba yaingiayo ndiyo yatokayo. Ni kweli kwa hesabu ya lita. Walakini kati ya mahali maji yanapoingia na mahali yanapotoka, mto hubaki na kidogo, na aliyekuwa akiishi hapo katikati, awe chura au mkulima mwenye mfereji, hana faida na hesabu hiyo.

Turbaini ya pili ni ya kimo cha kadiri, nayo ndiyo itumikayo kuliko zote duniani. Ilitengenezwa na James Francis, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika viwanda vya nguo vya Lowell, Marekani, karibu na mwaka 1849. Gurudumu la Pelton huzunguka hewani na maji hulipiga upande mmoja. La Francis huzama lote majini. Maji hufika kwa bomba, huingia katika nyumba ya chuma iliyopindwa kama gamba la konokono, ikizidi kuwa nyembamba kadiri inavyozunguka, ili maji yalifikie gurudumu pande zote kwa kipimo kimoja. Kabla ya kuligusa hupita kati ya vibao vya chuma viwezavyo kufunguliwa na kufungwa kama mbao za dirisha. Vibao hivyo huyaelekeza maji yaingie kwa mshazari. Kisha hupita katika mapanga ya gurudumu yaliyopindwa kwa ustadi, yakitoka ukingoni kwenda katikati, na mwisho hushuka chini kwa bomba linalopanuka. Kupanuka kwake si pambo, kwani humo maji hupunguza mwendo, na kwa kupunguza mwendo huvuta yaliyo nyuma yao. Hivyo gurudumu husukumwa kwa juu na kuvutwa kwa chini.

Mtambo wa Kidatu, juu ya mto Ruaha Mkuu, unazo turbaini nne za Francis, kila moja ya megawati 51, jumla megawati 204. Sehemu ya kwanza ilianza mwaka 1975 na ya pili mwaka 1980. Mgeni afikapo huona bwawa lakini mashine hazioni, kwa kuwa zimewekwa chini ya ardhi, ndani ya pango lililochongwa katika jabali, nayo maji huzifuata kwa njia ya mwambani yenye urefu wa kilomita 10 hivi. Kimo cha maporomoko ni karibu mita 175. Walimu wawape wanafunzi hesabu hii: Kihansi megawati 60 zahitaji kama tani 8 za maji kwa sekunde, Kidatu megawati 51, zilizo pungufu, zahitaji zaidi ya tani 30. Ni kwa nini? Mwanafunzi akijibu, "Kwa sababu ya kimo," amekwisha kuelewa nusu ya somo hili.

Za aina hiyo hiyo, lakini kubwa mno, ni zile tisa za Bwawa la Julius Nyerere katika korongo la mto Rufiji, ambako kila turbaini ina megawati 235, na zote pamoja megawati 2,115. Ya kwanza iliingizwa kazini mwezi wa Februari mwaka 2024, na mwaka uliofuata zote tisa zilikuwa tayari. Turbaini moja tu ya Rufiji yaupita mtambo wote wa Kidatu.

Aina ya tatu ni ya maji mengi yasiyo na kimo. Huyo mwenye kubuni alikuwa Viktor Kaplan wa Austria, miaka ya 1912 na 1913. Gurudumu lake lafanana na rafadha ya meli: mapanga machache, mapana, na katikati kitovu kinene. Ajabu yake ni kwamba mapanga yaweza kugeuzwa gurudumu likiwa katika mwendo, yakainama zaidi au kidogo kufuata wingi wa maji, kama nahodha ageuzavyo tanga. Mfano wake mzuri ni Jinja nchini Uganda, mahali mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria. Mtambo wa Owen Falls, ambao sasa huitwa Nalubaale, ulifunguliwa mwaka 1954 ukiwa na magurudumu ya Kaplan. Kimo cha pale ni kama mita 20 tu, lakini nyuma yake kuna ziwa zima.

Jambo moja lahusu turbaini zote, nalo ni mwendo wao. Umeme wa nchi yetu hugeuka kwenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde, na mitambo yote iliyounganishwa kwa waya sharti iende pamoja kama wapiga ngoma wa kundi moja. Sumaku yenye jozi moja ya ncha sharti izunguke mara 3,000 kwa dakika. Yenye jozi nane, mara 375 zatosha. Watu wakiwasha taa nyingi jioni, gurudumu hutaka kupunguza mwendo kwa ule uzito tuliousema habari zake kwenye baiskeli. Mara moja chombo cha kulinda mwendo hufungua vibao na kuongeza maji. Wakizima, hufunga. Kazi hii haina mapumziko usiku wala mchana, maana umeme hauwekwi ghalani kama mahindi, ila kwa kiasi kidogo katika betri.

Na mvuke je? Wazee watakumbuka magari ya moshi ya zamani, tangu reli ilipofika Morogoro mwaka 1907: mvuke ulisukuma chuma mbele na nyuma, na mkono wa chuma ukageuza gurudumu. Mwaka 1884 Mwingereza Charles Parsons aliacha kusukuma huku na huku, akaupitisha mvuke moja kwa moja katika safu nyingi za mapanga madogo, kila safu ikichukua sehemu yake ya nguvu, mpaka mvuke ukatoka umelegea. Hiyo ndiyo turbaini ya mvuke, nayo haijali moto umetoka wapi. Katika viwanda vya sukari vya Kilombero, jirani kabisa na Kidatu, makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa huchomwa ili kuchemsha maji, na mvuke wake huzungusha turbaini. Kwa hiyo katika bonde lile lile umeme mmoja hutoka katika mto na mwingine katika muwa. Huko Olkaria nchini Kenya, tangu mwaka 1981, mvuke huchimbwa ardhini ukiwa umekwisha kuchemka wenyewe. Turbaini ya gesi ni ndugu yake: haichemshi maji, bali huchoma gesi katika hewa iliyoshindiliwa, na moshi wa moto hupita katika mapanga kama katika injini ya ndege. Gesi ya Songo Songo ilianza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004.

Ya upepo kila mtoto aijua, kwani ni kile kititia cha ukuti ambacho hukimbia nacho, ila kimefanywa kikubwa. Karibu na ziwa Turkana nchini Kenya viko 365, vyenye megawati 310 kwa jumla. Kasoro yake ni kwamba upepo hauna bwawa.

Turudi kwenye maji, kwa kuwa maji nayo yaweza kukosa bwawa, au bwawa likakosa maji. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulipita mwaka mzima, umekuwa ukikauka kwa majuma na hata miezi katika kiangazi, hasa kwa sababu maji yake mengi huchukuliwa juu, katika mashamba ya mpunga ya Usangu. Mwaka 2006, baada ya ukame, bwawa la Mtera lilishuka mno, na nchi nzima ikagawiwa umeme kwa saa. Mashine za Mtera na Kidatu hazikuwa zimevunjika. Hazikuwa na cha kuzisukuma. Viwanda vilisimama, mashine za kusaga zilisimama, na wauguzi walifanya kazi kwa mwanga wa taa za mafuta. Waliolaumu mafundi siku zile walilaumu wasiohusika.

Adui wa pili wa turbaini ni mchanga. Maji yaliyochanganyika na mchanga, yakipita kwa kasi tuliyoitaja, hula chuma kama msasa ulavyo mbao. Mapanga huchakaa, na bwawa lenyewe hujaa tope. Hili latuhusu sana sisi wa Uluguru. Pepo za Bahari ya Hindi hupiga milima yetu upande wa mashariki, na katika miteremko ya juu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu ukiwapo, mvua hiyo huingia ardhini polepole na kutoka polepole katika chemchemi, hata Septemba kijito bado kina maji. Msitu ukiondolewa na mlima kulimwa wazi, maji yale yale huteremka yote kwa siku chache, mekundu, yakibeba shamba. Watu wa mjini wanao mfano karibu nao: bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 juu ya mto Ngerengere ili kuwanywesha, limekuwa likijaa tope mwaka baada ya mwaka.

Twajua kwamba kusema habari za udongo katika Uluguru ni kugusa kidonda cha zamani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 pakazuka ghasia. Waluguru hawakuwa na makosa yote katika jambo lile. Matuta yale yalikuwa kazi ngumu isiyo na malipo, na mahali pengi yalifukia udongo mzuri na kuleta juu ule usiozaa. Lakini mvua haikujali nani alishinda katika ugomvi. Mpaka leo hushuka na udongo.

Na sasa maji ya Uluguru yenyewe yanaandaliwa kazi. Mwaka 2023 ujenzi wa bwawa ulianza Kidunda, juu ya mto Ruvu, katika wilaya ya Morogoro. Limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, hasa kwa ajili ya Dar es Salaam na Pwani wakati wa kiangazi, na kufua umeme wa megawati 20. Humo yatakusanyika maji ya Mgeta, ya Mvuha, na ya vijito visivyo na majina ramani, ambavyo akina mama huchota maji yake kwa ndoo. Kiasi cha tope kitakachoingia Kidunda kitaamuliwa na jembe lililoko juu, siku tatu kwa miguu kutoka hapo.

Wako wasomaji watakaouliza kama kijiji chaweza kuwa na turbaini yake chenyewe, bila kungoja waya kutoka mbali. Chaweza, ikiwa kuna kijito na mteremko. Kwa kazi ndogo hutumika gurudumu dogo la Pelton, au lile aliloanza kulibuni Anthony Michell wa Australia mwaka 1903, lililo kama pipa la mapanga, ambalo maji hulipita mara mbili, yakiingia na yakitoka. Hili la pili latengenezeka katika karakana ya kawaida ya chuma. Hata pampu ya maji ikisukumiwa maji kinyume yaweza kuwa turbaini, ijapokuwa si hodari.

Lakini kabla ya kuzungumza na muuza mashine, kijiji kipime chenyewe. Maji yapimwe hivi: yazibwe kwa udongo na mawe, yapitishwe yote katika bomba fupi, na ndoo ya lita 20 iwekwe chini huku mtu akitazama saa. Ikijaa kwa sekunde mbili, kijito kina lita 10 kwa sekunde. Kimo kipimwe kwa mpira mwembamba uonekanao ndani, uliojaa maji, kama wautumiavyo waashi kusawazisha msingi. Washuke nao hatua kwa hatua tangu mahali pa kutega maji mpaka mahali pa mashine, wakijumlisha kila kipimo. Tuseme wamepata mita 40. Zidisha 10 kwa 40, jibu ni 400. Kisha zidisha kwa 5. Kwa nini 5, nasi tulisema karibu 10? Kwa sababu katika mitambo midogo kama nusu ya nguvu hupotea katika bomba, gurudumu, jenereta na waya. Jibu la mwisho ni wati 2,000.

Wati 2,000 ni nini? Ni taa za kisasa za wati 10 katika nyumba 100, kila nyumba taa mbili. Ni nuru ya kutosha shule, zahanati na nyumba za kijiji kidogo, na simu zichajiwe mchana. Lakini jiko moja la umeme laweza kuzimeza zote peke yake, kijiji chote kikabaki gizani kwa chungu kimoja cha maharage. Mambo haya yasemwe katika mkutano wa kijiji kabla ya waya kufungwa, pamoja na habari ya wenye mifereji: nani analima kati ya mahali maji yatakapotegwa na mahali yatakaporudi mtoni, naye ataachiwa kiasi gani. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ofisi yake iko Morogoro mjini.

Jambo la mwisho ni mwezi wa kupima. Mwezi wa Aprili, katikati ya masika, kila kijito cha Uluguru hujiona mto, na mtu akikipima wakati huo atanunua gurudumu litakalosimama tangu Agosti. Kipimwe Septemba, au Oktoba kabla ya vuli kuanza. Tena si mwaka mmoja tu. Mwalimu mkuu aweza kuwapa wanafunzi wa darasa la juu kazi ya kupima kila Jumamosi na kuandika katika daftari la shule, tarehe, sekunde na jina la aliyetazama saa. Baada ya miaka mitatu, namba iliyo ndogo kuliko zote katika daftari hilo ndiyo ya kumpelekea fundi, hata kama zile za masika zapendeza zaidi.